Anachoambiwa Mgeni Mji Mkongwe

Hadithi yenyewe mnaijua. Aliyewahi kukaa barazani Mkunazini au Hurumzi asubuhi moja ameisikia kwa Kiingereza, kwa Kitaliano na siku hizi kwa Kipolishi. Visiwa vilikuwa vya wavuvi wachache tu. Waarabu wa Omani wakaja, wakajenga mji, wakauza watu. Waingereza wakaja, wakawakata watu minyororo. Akazaliwa Freddie Mercury. Kisha mgeni akashuka uwanja wa ndege, na mambo yakawa mazuri. Husimuliwa baina ya Forodhani na Darajani, na humalizika kabla ya chakula cha mchana.

Sina ugomvi na kijana anayeisimulia. Ana kitambulisho chake shingoni, ana watu wa kulisha, na hadithi ameikuta imeshachapwa kwenye vitabu vya mwongozo na vipeperushi vya hoteli. Ugomvi wangu ni na hadithi. Nitaichukua dai kwa dai, kila moja nilieleze kama wanavyolieleza wanaolitetea, kisha hukumu ni yenu. Naomba kanuni mbili tu. Dai likigongana na tarehe, tarehe ishinde. Na dai likigongana na dai jingine lililotoka kinywa kile kile, yote mawili yarudi kizimbani.

La kwanza: kabla ya Waomani hapakuwa na kitu. Watetezi wake wana pa kusimamia. Nyumba nyingi za mawe tunazoziona leo ni za karne ya 19, na ni Sayyid Said bin Sultan aliyehamishia enzi yake Unguja katika karne hiyo. Hayo hayana ubishi. Ubishi unaanza pale hoja inaporuka kutoka "mji huu wa mawe ni wa karne ya 19" hadi "kabla yake hapakuwa na mji wala watu wa mji". Nendeni Unguja Ukuu, upande wa kusini wa kisiwa. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua pale bandari iliyokuwa hai tangu karibu karne ya 7, yenye vyungu vilivyofinyangwa na watu wa pwani hii, na vigae na vioo vilivyotoka ng'ambo ya bahari. Nendeni Kizimkazi Dimbani. Msikiti wa pale una maandishi ya Kikufi kwenye mihirabu yake, na tarehe yake ni mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Jengo limefanyiwa ukarabati karne kadhaa baadaye, lakini maandishi yapo, yanasomeka. Mamia ya wageni hufikishwa Kizimkazi alfajiri ili wakimbizane na pomboo. Wanavaa maboya, wanapanda boti, wanarudi wamelowa, wanapakiwa garini. Msikiti uko hatua chache kutoka ufukweni. Dereva anasubiri kivulini, na hakuna aliyemwambia mgeni kwamba amepita kando ya ukuta uliomtangulia Sayyid Said kwa zaidi ya miaka 700.

Bado kuna swali ambalo hadithi haina jibu lake. Kama visiwa vilikuwa vya wavuvi wachache, Mreno Ruy Lourenço Ravasco alimlazimisha nani kulipa kodi hapa Unguja mwaka 1503? Kodi hailipwi na ufukwe. Ililipwa na mtawala aliyekuwa na mali, majahazi na watu. Warithi wa utawala huo tunawajua. Mwana Fatuma aliwapelekea Wareno vyakula walipozingirwa Fort Jesus mwishoni mwa karne ya 17, na Waomani waliposhinda, waliona kwamba yeye ni mtu wa kumwadhibu. Hata baada ya Sayyid Said kuja, Mwinyi Mkuu, mtawala wa kienyeji, alikuwapo. Muhammed bin Ahmed alijijengea kasri Dunga katikati ya karne ya 19 na akafariki mwaka 1865, Sultani akiwa mjini na yeye shamba. Magofu ya kasri hilo yako kando ya barabara ya Chwaka. Gari za watalii zinayapita zikielekea Uroa na Pongwe, na madirisha yamefungwa kwa sababu ya kiyoyozi.

Dai la pili ndilo zito, na nitalikalia. Kule Mkunazini, chini ya jengo la St. Monica's, mgeni huteremshwa ngazi na kuingizwa katika vyumba viwili vya mawe. Dari ni la chini, mtu mrefu huinama. Mna mabenchi ya mawe kushoto na kulia, mfereji katikati, na vitundu vyembamba vinavyoleta mwanga kidogo. Minyororo imewekwa. Mgeni huambiwa kwamba humu walijazwa watumwa kwa siku kadhaa kabla ya kupelekwa sokoni, na wanyonge walifia humu. Watu hutoka wanalia. Niwatendee haki watetezi: soko lilikuwepo kweli, tena palepale. Kanisa kuu la Kianglikana limesimama juu ya kiwanja cha soko la wazi la mwisho la watumwa mjini, na mateso ya waliouzwa pale hayahitaji kutiwa chumvi na mtu yeyote.

Lakini tazameni tarehe. Soko lilifungwa Juni 1873, Sayyid Barghash aliposaini mkataba chini ya tishio la manowari za Waingereza. Mwaka huohuo Wamisheni wa Kianglikana wa UMCA wakaanza kujenga kanisa. Jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na Wamisheni haohao, miaka ya 1890, liwe hospitali. Hebu mnieleze watumwa waliwekwaje katika msingi wa hospitali iliyojengwa karibu miaka 20 baada ya soko kufungwa. Wengine hujibu kwamba vyumba vilitangulia, hospitali ikaja juu. Inawezekana kusemwa, lakini anayesema ndiye wa kuleta ushahidi, na badala ya ushahidi sisi tunaletewa minyororo. Zaidi ya hapo kuna mantiki ya biashara yenyewe. Soko la Mkunazini lilikuwa halali kwa sheria ya wakati ule, likiendeshwa mchana kweupe na ushuru ukilipwa forodhani. Mfanyabiashara asiyemficha mtu anachimba handaki la nini? Mahandaki yalihitajika baada ya 1873, biashara ilipokuwa ya magendo, na ndiyo maana simulizi za chumba cha Mangapwani, mbali na mji na karibu na bahari, zina maana ambayo za Mkunazini hazina. Mangapwani hakuna foleni.

Mtaniuliza, kwa nini kuhangaika? Watumwa waliteseka, mgeni amelia, shabaha imefikiwa. Sikubaliani. Yupo mtu Omani, na wapo hapa kwetu, anayesubiri kwa hamu kosa kama hili ili aseme kwamba habari yote ya utumwa wa Zanzibar imetungwa na Wamisheni. Kila anayemwonyesha mgeni chumba cha hospitali na kukiita gereza la watumwa anampa mtu huyo silaha. Hapo juu, nje, kuna kiwanja ambacho hakuna mwanahistoria anayekikanusha. Kitoshe hicho.

Dai la tatu linafuata ngazi hizohizo kwenda juu: Waingereza ndio waliowapa watumwa uhuru. Kwa haki, shinikizo lao ndilo lililofunga soko, na wapo Waingereza walioichukia biashara hiyo kwa dhati. Askofu Edward Steere alijenga kanisa lake pale kwa makusudi. Ila hadithi hulikunja jambo la miaka 36 likawa la siku moja. Mkataba wa 1873 ulizuia kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni. Haukumwachia huru aliyekuwa shambani. Mwaka 1890 Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Waingereza, na utumwa ukaendelea kuwa halali chini ya bendera yao kwa miaka saba. Amri ya 1897 ilipotoka, haikumfungua mtu papo hapo: mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kudai uhuru wake, na bwana wake ndiye aliyelipwa fidia. Aliyeachiwa akikosa kuonyesha makazi na kazi, aliweza kuhesabiwa mzururaji. Masuria walitengwa, wakasubiri hadi 1909.

Sasa liwekeni hilo kando ya kichekesho ambacho mgeni huambiwa mbele ya Beit el Ajaib, kile cha vita vifupi kuliko vyote duniani. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zililipiga kasri la Sultani kwa dakika kama 38, kwa sababu Khalid bin Barghash alikalia kiti bila idhini yao. Msimuliaji hutaja dakika na wageni hucheka. Kinachorukwa ni kwamba upande wa Wazanzibari watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja. Na kinachonishughulisha zaidi ni ulinganisho ambao hadithi yenyewe inauweka mezani bila kujua. Dola iliyoweza kumwondoa Sultani na kumweka mwingine kabla ya chai ya saa nne kupoa inatuambia kwamba kuufuta utumwa lilikuwa jambo gumu, la kwenda nalo polepole. Ama iliweza kumwamrisha Sultani, ama haikuweza. Wasimuliaji wachague moja.

La nne ni mgawanyo wa wahusika: Mwarabu mfanyabiashara wa watumwa, Mzungu mkombozi, na Mwafrika aliyeketi katikati akisubiri. Hapa lazima niseme wazi, nisije nikasingiziwa. Mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa yalikuwa zaidi ya Waomani, na misafara iliyokwenda bara iliongozwa na Waarabu na Waswahili. Simtetei yeyote katika hao. Ninachokataa ni ule ukuta uliowekwa kati yao na Wazungu. Mgeni huonyeshwa nyumba ya Livingstone na kuambiwa huyu ni shujaa, kisha Shangani huonyeshwa nyumba ya Tippu Tip na kuambiwa huyu ni shetani. Hakuna anayemwambia kwamba wawili hao walikutana bara mwaka 1867 na kwamba Livingstone, aliyetoka Unguja akiwa na barua ya Sultani Sayyid Majid, alisafiri na kula na misafara ya wafanyabiashara hao kwa muda mrefu. Stanley alimlipa Tippu Tip amsindikize mto Lualaba. Mwaka 1887 Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa njia ya Stanley huyohuyo, alimpa Tippu Tip uliwali wa Stanley Falls huko Kongo, kwa mshahara. Tippu Tip, kwa jina lake Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyaeleza mwenyewe maisha yake kwa Kiswahili, na wasomaji wa Kiswahili hawana udhuru wa kumjua kwa kipeperushi.

Na mnunuzi je? Katika hadithi hii bidhaa zinauzwa lakini hazinunuliwi. Watu waliouzwa Kilwa na Unguja walipelekwa pia kwenye mashamba ya miwa ya Wafaransa huko Mauritius na Réunion. Pembe za ndovu zilizobebwa mabegani hadi Bagamoyo zilivuka hadi Marekani, jimbo la Connecticut, zikachongwa kuwa vibonyezo vya piano. Wamarekani walitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833 na wakaleta konseli wao mapema kuliko Waingereza. Mgeni anayetoka Boston angeweza kuelezwa hayo mlangoni. Haelezwi, labda kwa kuogopa bahashishi itapungua.

Mchana, baada ya Mkunazini, gari huelekea Kizimbani au Kidichi, kwenye dai la tano: hapa ndipo nyumbani kwa viungo. Mgeni hunusishwa jani la mdalasini, hupakwa mzingefuri mdomoni, huvikwa kofia ya makuti, na kijana hupanda mnazi huku akiimba. Ni burudani safi, na mashamba hayo yanawalisha watu. Ila karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku na ilifika Unguja mapema karne ya 19 kupitia visiwa vya Wafaransa. Vanila ni ya Meksiko, mdalasini wa Sri Lanka, iliki na pilipili manga za India. Hilo si kosa kubwa, mimea husafiri. Kosa la pili ni kubwa kidogo: karafuu yenyewe leo ni ya Pemba. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kikaiacha Pemba, na tangu hapo mizani haijarudi. Wakati wa mavuno majamvi yenye karafuu huanikwa kandokando ya barabara kutoka Chake Chake hadi Wete, na gari zima hunukia. Wageni wengi wanaolipia ziara ya viungo hawavuki kwenda huko.

Kosa la tatu ndilo linalonifanya niitaje ziara hii katika makala ya hasira. Asubuhi mgeni alioneshwa minyororo. Mchana ananusishwa karafuu. Watu wale waliletwa Unguja kufanya nini? Wengi walibakishwa hapahapa kufyeka, kupanda na kuchuma hizohizo karafuu. Soko la Mkunazini na shamba la Kizimbani ni biashara moja, yenye daftari moja, na imekatwa vipande viwili kwa sababu kimoja kinauzwa kama majonzi na kingine kama manukato. Mgeni anapanda gari lile lile, na mtembezaji yule yule, na katika mwendo wa nusu saa hakuna anayeunganisha.

Mengine ni mepesi, nitayapitia mbio. Misumari ya shaba kwenye milango ya nakshi iliwekwa kuzuia tembo: Unguja haikuwa na tembo wa kubomoa milango; tembo alifika hapa akiwa jozi ya pembe. Kisiwa cha Changuu kilikuwa gereza: gereza lilijengwa, miaka ya 1890, kwa agizo la Lloyd Mathews, waziri wa Sultani, lakini halikufungiwa mfungwa, likafanywa karantini ya wasafiri wa melini. Kobe wakubwa waliopo pale waliletwa kutoka Shelisheli, na hao angalau hakuna anayewasingizia jambo.

Dai la sita: Mji Mkongwe ndiyo Zanzibar. UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na unastahili. Lakini matembezi hukoma soko la Darajani kama kwamba dunia inaishia hapo. Hapo ndipo palipokuwa na hori, na kuvuka kwake ni Ng'ambo, walikoishi wachukuzi, mafundi, watumwa walioachiwa huru na watoto wao. Huko ndiko Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikojijengea jina kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili. Huko ndiko wakaazi walikogomea kodi ya viwanja mwaka huohuo wa 1928. Mgeni aliyetaka kujua Waafrika walikuwa wapi katika hadithi yote hii, walikuwa ng'ambo ya barabara.

La saba husemwa na wakubwa zaidi ya watembezaji: acheni kuchokonoa, utalii unatulisha sote. Sehemu yake ni kweli. Hakuna sekta inayoleta fedha nyingi za kigeni kuliko hiyo, na ajira zipo. Ni neno "sote" ambalo haliwezi kupita. Mwaka 2019 waliingia wageni zaidi ya nusu milioni, katika nchi ambayo sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773. Utafiti wa bajeti ya kaya wa 2019/20 ulikuta mtu mmoja katika kila wanne hivi akiwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, na Pemba, inayotoa karafuu, hali ni mbaya kuliko Unguja. Mwaka 2012 shirika la Uingereza la Tourism Concern lilipima maji katika vijiji vya pwani: kaya ya kawaida ilitumia kama lita 93 kwa siku, chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano hadi lita 3,195. Kule Paje na Jambiani bahari ikipwa, wanawake huteremka na vikamba na vijiti kufunga mwani, wameinama saa nzima maji yakiwa magotini, na joto la bahari limeshaua aina iliyokuwa na bei nzuri. Mgeni hupiga picha. Ni picha nzuri kweli. Anayedai kwamba mwanamke yule analishwa na utalii atuonyeshe ni wapi.

Likishindwa hilo, huletwa la mwisho: wageni hawataki historia, wamekuja kupumzika, msiwachoshe. Wanaosema hivi ndio haohao wanaouza tiketi za kushuka vyumba vya Mkunazini. Kama mgeni hataki historia, analipia nini pale, na kwa nini anatoka na machozi? Anaitaka, na anailipia kwa fedha za kigeni. Anapewa iliyo rahisi kusimuliwa. Mimi napendekeza jaribio dogo lisilogharimu hata senti. Msimu ujao, mtembezaji akifika juu ya zile ngazi, aseme: "Soko lilikuwa hapo nje, lilifungwa mwaka 1873. Jengo hili lilikuwa hospitali ya miaka ya 1890. Waliouzwa hapa, wengi walikwenda kuchuma karafuu kule tutakakokwenda mchana." Bei ya tiketi isiguswe. Kisha mwisho wa mwezi tuhesabu waliodai warudishiwe pesa.